Kiti cha boksi kimegoma: anza na dalili, ujue na mahali pa kuacha

Malalamiko kuhusu viti vya kufunga mwenyewe yanafanana mno. Awe mtu wa Njiro, Arusha, aliyeagiza kiti cha ofisi Kariakoo kikaletwa kwa basi, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi aliyebeba kiti cha kusomea kikiwa bado kwenye boksi, maneno ni yale yale: kinayumba, matundu hayakutani, bolti inazunguka bila kukaza, kinashuka chenyewe nikikalia. Chanzo kinachoongoza ni kimoja, na kiko mikononi mwa anayefunga, si kiwandani: bolti ya kwanza ilikazwa mpaka mwisho kabla zingine hazijaingia.

Kwa hiyo kabla hujatafuta dalili yako hapo chini, jaribu hili kwanza. Legeza bolti zote mzunguko mmoja hivi. Simamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka, kitikise kidogo ili kila kiungo kijipange, kisha kaza upya kwa kuruka kona kwa kona, kidogo kidogo, kama fundi wa matairi anavyokaza nati za gurudumu. Matatizo mengi huishia hapo, na ukiona kimetulia huna haja ya kuendelea kusoma.

Kuna vitu viwili visivyojaribiwa nyumbani. Navitaja mapema kwa sababu watu huvifikia wakiwa wameshachoka na hasira imepanda. Cha kwanza ni silinda ya gesi ya kiti cha ofisi, ule mguu wa chuma wa katikati unaopandisha na kushusha. Ndani yake mna naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Haitobolewi, haikatwi, haichomelewi. Cha pili ni ufa: kwenye chuma karibu na palipochomelewa, kwenye miguu ya nyota inayobeba magurudumu, au kwenye mguu wa mbao uliopasuka kufuata nyuzi zake. Ufa hauponi kwa kukaza bolti. Ukiuona, acha hapo hapo.

"Kuna vitu vimepungua kwenye boksi"

Mara nyingi havijapungua. Geuza kikalio uangalie chini yake: viwanda vingi huzitanguliza bolti kwenye matundu yake, na watu huzitafuta kwenye boksi nusu saa nzima wakati zimeshakaa mahali pake. Angalia pia ndani ya mikunjo ya boksi na kwenye vile vipande vyeupe vya kuzuia mtikisiko. Pakiti ya bolti hupenda kujificha humo. Mwaga kila kitu juu ya shuka au blanketi, si moja kwa moja kwenye sakafu, na hesabu ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Watoto wadogo wakae mbali: nati ndogo inamezeka, na mfuko mkubwa wa plastiki unaweza kumkosesha mtoto pumzi.

Ikiwa kweli kimepungua, angalia kama boksi lilichanika. Mzigo uliokaa kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam mpaka Arusha umesafiri zaidi ya kilomita 600 ukibanwa na magunia. Piga picha boksi na vilivyomo kabla hujafunga hata kiungo kimoja, ndipo uzungumze na muuzaji. Ukishafunga nusu, ataanza kukuuliza kama wewe ndiye uliyeharibu.

Bolti zenyewe unaweza kuzinunua. Si duka la Mangi la mtaani, hapo utapata misumari na gundi. Nenda maduka ya vifaa vya ujenzi mjini ukiwa na bolti moja nzima ya kulinganishia. Viti vingi hutumia M6 au M8, yaani unene wa milimita 6 au 8. Unene peke yake hautoshi, urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bolti fupi hushika hesi, ile mikato ya kuzunguka, mbili tatu tu na siku moja inang'oka na mtu amekaa. Bolti ndefu kupita kiasi hupenya kikalio na kutokeza kwenye sponji, na hilo utaligundua kwa paja. Pima kina cha tundu kwa njiti ya fagio la chelewa: ichomeke mpaka ifike mwisho, weka alama kwa kucha, linganisha na bolti ukihesabu na unene wa kipande kinachofungwa.

Na alenki, ile fimbo ya pembe sita iliyopinda, nayo iwe yake. Bolti ya M6 yenye kichwa kifupi cha mviringo hutumia alenki ya milimita 4, na M8 ya aina hiyo hutumia ya 5. Zile zenye kichwa kirefu kilichonyooka pembeni hutumia 5 kwa M6 na 6 kwa M8. Ukilazimisha ndogo kwenye kubwa, utaishia kwenye dalili ya nne.

"Matundu hayakutani"

Sababu ya kwanza tumeshaisema: kuna bolti iliyokwisha kukazwa. Legeza zote, hata zile unazoziona hazihusiki.

Ya pili ni kubadilisha upande. Mikono ya kiti ina kushoto na kulia, na mguu wa mbele si mguu wa nyuma hata vikifanana kwa urefu. Tafuta kibandiko chenye herufi au namba. Kama kimebanduka, weka miguu miwili sambamba sakafuni uangalie matundu. Tofauti ya urefu wa kidole kati ya tundu na ncha huonekana mara moja vikilazwa pamoja, lakini haionekani ukivishika kimoja kimoja.

Ya tatu ni rangi. Viti vya chuma hupuliziwa rangi vikiwa vimeshatobolewa, na rangi huingia kwenye hesi ikakauka humo. Bolti inagoma baada ya mzunguko mmoja, mtu anadhani tundu limekosewa. Itoe, isafishe, tia tone la mafuta ya cherehani, iingize tena kwa vidole. Kabla ya kuizungusha kuelekea ndani, izungushe kinyume taratibu mpaka uisikie inadondoka kidogo kwenye njia yake, ndipo uigeuze. Bolti iliyoshika njia sawa huingia kwa vidole mizunguko mitatu minne bila ubishi. Inayodai alenki tangu mzunguko wa kwanza imepanda hesi upande. Ukiikaza hivyo umeua tundu.

Mwisho kabisa ndiyo kuna kiti kilichopinda njiani au kutobolewa vibaya kiwandani. Pengo la milimita moja au mbili huvutwa na mikono ya mtu wa pili wakati wewe unaingiza bolti. Likizidi hapo, usipige nyundo wala usipanue tundu kwa drili. Tundu lililopanuliwa humpa mguu nafasi ya kucheza kila siku. Kirudishe.

"Bolti inazunguka tu, haikazi"

Uliza kwanza: inashika nini upande wa pili?

Kwenye viti vya mbao vya mezani, mara nyingi ni nati ya mviringo iliyolala ndani ya tundu la pembeni. Nati hiyo ina mfereji mdogo kwenye uso wake, na mfereji huo unaonyesha tundu lake la hesi limeelekea wapi. Ikigeuka kidogo tu, bolti haiikuti. Ishike kwa bisibisi bapa, mfereji uelekee bolti inakotoka, kisha kaza kwa mkono mwingine. Hapa ndipo mtu mmoja hana mikono ya kutosha, ita jirani.

Kwenye kikalio cha plaiwudi, nati ina meno yaliyozama kwenye mbao. Ukisukuma bolti kwa nguvu kabla haijashika, unaing'oa nati kwa ndani, na kuanzia hapo zote mbili zinazunguka pamoja. Ivute bolti kuelekea kwako wakati unaizungusha. Mara nyingine meno hushika tena. Ikikataa, fungua kitambaa cha kikalio kwa kutoa pini zake za chini ili uifikie kwa upande wa sponji, irudishe nati mahali pake kwa nyundo nyepesi, izungushie gundi ya epoksi kwa nje bila kugusa hesi, na uiache mpaka kesho yake.

Kama ni skrubu ya mbao iliyokula tundu lake, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao. Subiri ikauke, kata zilizobaki juu, kisha rudisha skrubu. Dawa hii ni nzuri kwa vipande vinavyobeba uzito mdogo, kama mgongo wa mapambo. Kwa mguu, hapana. Mguu uliochanika tundu lake ni wa seremala, na hata seremala mwambie mapema asipige msumari. Seremala wetu wengi huona kiungo kinacheza na mkono unakwenda kwenye nyundo. Msumari kwenye mbao nyembamba ya kiwandani huipasua, na baada ya hapo hata gundi haina pa kushika. Mwombe gundi na kona ya chuma kwa ndani.

"Kichwa cha bolti kimeliwa"

Alenki iliingizwa nusu, au ilitumika drili ya umeme pale palipohitaji mkono. Weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu juu ya tundu, bonyeza alenki ndani yake, zungusha polepole huku ukigandamiza. Isipotoka, chora mfereji kwenye kichwa kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa. Zaidi ya hapo ni kutoboa bolti yenyewe, kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye drili nzuri, lakini kwa asiyezoea drili huteleza ikaingia kwenye mguu wa kiti au wa mtu.

"Kinayumba"

Hili ndilo linaloongoza, na nusu ya viti vinavyoshutumiwa havina kosa.

Anza na sakafu. Nyumba nyingi za zamani zina sementi iliyotengenezwa na mteremko wa kupeleka maji mlangoni, na baraza karibu zote zina mteremko huo. Hata marumaru mapya, kama fundi aliyapanga kwa haraka, hupishana kwenye maungio. Weka kiti mahali kinapoyumba, tambua mguu unaonyanyuka, kisha kizungushe robo. Kama mguu ule ule bado unanyanyuka, kosa ni la kiti. Kama sasa ni mguu mwingine, ila ni sehemu ile ile ya sakafu, kiti hakina hatia.

Kikiwa na kosa, legeza bolti zote za miguu, kiweke mahali palipothibitika kuwa tambarare, mtu mmoja akalie katikati bila kuegemea, na mwingine akaze. Uzito wa mtu ndio unaoilazimisha miguu yote minne iguse chini kabla viungo havijafungwa. Kukaza kiti kikiwa kimepinduliwa juu chini ni rahisi kwa mikono, ila kinasimama vibaya, na ndiyo sababu ya viti vingi vipya kuchezacheza.

Bado? Angalia washa, vile viduara vya chuma vinavyovaliwa kwenye bolti. Mpangilio ni kichwa cha bolti, kisha washa ya springi, ile iliyokatwa, kisha washa bapa, ndipo mbao au chuma. Watu huzigeuza, au huziweka zote kwenye bolti mbili na kuziacha zingine bila kitu. Bila springi, bolti inaweza kulegea yenyewe. Bila bapa, kichwa huzama kwenye mbao.

Kisha viungo vya gundi. Viti vya mezani vingi huja na vijiti vya mbao vya kuunganishia, na gundi yake iko kwenye kichupa kidogo ambacho watu hukitupa pamoja na boksi. Kijiti kisicho na gundi kinakaa vizuri kwa muda, baadaye kinaanza kutembea. Fungua kiungo, futa vumbi, paka gundi ya mbao kwenye tundu na kwenye kijiti, rudisha, kisha zungushia kamba ya mpira wa tyubu ya bodaboda ukiivuta ibane. Mpira huo unabana kiungo vizuri kuliko kamba ya katani, na hauachi alama kwenye rangi. Kiache saa 24 kabla ya kukikalia, hasa Juni na Julai ambapo Arusha kuna baridi na gundi hukauka kwa uvivu.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mbao iliyofungwa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, imevimba kidogo kwa unyevu. Ikifika kiangazi inasinyaa na bolti zinaonekana zimelegea bila kuguswa na mtu. Si ubovu. Kaza tena wiki mbili baada ya kufunga, halafu kila msimu unapobadilika. Viti vyenye vipande vya chipubodi, mbao ya vumbi lililogandamizwa kwa gundi, ndivyo vya kuangalia zaidi: maji ya kudekia yakituama kwenye ncha zake, chipubodi huvimba na hairudi tena. Ncha iliyovimba haikatwi kusawazisha, kipande kibadilishwe.

Ukimaliza yote na mmoja kati ya miguu bado unaning'inia, kuna kipande kilichopinda. Usikate miguu mingine ili kuufuata. Wapo waliokata huu, wakarudi kwenye ule, mpaka kiti kikawa cha mtoto.

Kabla ya mzee au mgonjwa kukikalia, kijaribu mwenyewe: bonyeza kikalio kwa mikono miwili, kaa ukingoni, rudi nyuma polepole, egemea upande mmoja kisha mwingine. Na kiti si ngazi, hata kwa balbu moja tu.

"Kinalia kila nikijigeuza"

Bolti iliyolegea, basi. Ikiwa zote zimekaza, tafuta chuma kinachosugua chuma bila washa, au tia grisi kidogo kwenye ekseli ya egemeo linalolala. Mlio mmoja mkali wa kuvunjika ni habari tofauti: simama taratibu, pindua kiti, tafuta ufa.

Kiti cha ofisi: "hakipandi", "kinashuka", "kinaninginiza mbele"

Hakipandi. Sababu ya kwanza itakushangaza: umekaa. Kishikio kikivutwa ukiwa juu yake, kiti hushuka. Inua mwili kwanza, kisha vuta. Ya pili ni kifuniko cha plastiki kilichoachwa juu ya silinda, kile kidogo kinachofunika kitufe wakati wa usafiri. Kitoe. Ya tatu, kishikio hakigusi kitufe kwa sababu bamba la chuma chini ya kikalio halijashuka vizuri juu ya silinda. Silinda haina bolti juu wala chini. Inashikwa na umbo lake la kupungua upana, na uzito wa mtu ndio unaoibana. Kaa kwa uzito wako wote mara kadhaa, jaribu tena. Usiigonge silinda kwa nyundo.

Kinaninginiza mbele. Bamba limefungwa kinyume. Kwenye bamba kuna mshale au neno linaloonyesha mbele, na kirungu cha kurekebisha ugumu wa kulala kwa kawaida huelekea magoti. Kabla hujafungua, hakikisha pia kirungu hicho hakijalegezwa mpaka mwisho.

Gurudumu linadondoka. Geuza miguu ya nyota, bonyeza gurudumu mpaka lilie, au ligonge kwa nyundo ya mpira. Likiendelea kutoka, shina halilingani na tundu: shina la kawaida ni milimita 11, lakini viti vya IKEA hutumia 10, na ukinunua kiti cha mtumba kilichotoka Ulaya ukakitafutia magurudumu hapa utakutana na tofauti hiyo.

Kinashuka chenyewe. Angalia kwanza kama kishikio kimebanwa na kitambaa au na bolti ya jirani, hivyo kinaminya kitufe muda wote. Kikiwa huru na kiti bado kinazama, gesi inapita ndani ya silinda, na hapo hakuna cha kutengeneza. Silinda inabadilishwa nzima. Ya kawaida ina kipenyo cha milimita 50 inapoingia kwenye miguu ya nyota na 28 juu inapoingia kwenye bamba, lakini pima yako kabla ya kuagiza, pamoja na urefu. Kuing'oa ya zamani kunahitaji spana ya bomba na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Kwa kungoja, pata bomba la PVC linalozunguka ile fimbo inayong'aa, lipasue kwa urefu upande mmoja, likate kwa kimo unachotaka, kisha livalishe kwenye fimbo kiti kikiwa juu. Kiti hakitapanda wala kushuka tena, ila utafanya kazi.

Usichokifanya ni kukipeleka kwa fundi wa kuchomelea ili "aishike" silinda isishuke. Najua mtaa wa Unga Limited, Arusha, kuna watu wanachomelea chochote kuanzia geti mpaka fremu ya trela, na hodari kweli. Moto kwenye silinda iliyoshindiliwa gesi unaweza kuirusha kama risasi. Vivyo hivyo ukiona imepinda, inavuja mafuta au ina mchubuko mkubwa: usikalie, usiiegemee.

Ya zamani ikishatoka, isiingie kwenye shimo la takataka mnalochoma Jumamosi, hata kama inaonekana imekwisha nguvu. Na ukimpa mnunuzi wa chuma chakavu, mwambie kwa mdomo kwamba ina gesi ndani, maana yeye ndiye atakayeishika na gasi ya kukatia.